Namna ya Kupanua Mtandao wa Alama za Upimaji bila Kuupotosha: Usawazishaji kwa Njia ya Miraba Midogo Kabisa

Mpimaji anayetumwa wilayani kuongeza alama za msingi, ili viwanja, barabara na mabomba ya maji yapate mahali pa kuanzia, hukuta huko alama chache za zamani. Kila moja ina viwianishi vilivyoandikwa kwenye orodha rasmi hadi milimita, na mara nyingi hakuna hata moja inayoeleza viwianishi hivyo viaminiwe kwa kiasi gani. Mpimaji huyo anakuja na vipokezi vya setilaiti ambavyo, kwa umbali wa kilomita kumi au ishirini, hutoa tofauti ya nafasi kati ya vituo viwili kwa usahihi unaozidi ule wa alama anazozitegemea. Vipimo vipya na orodha ya zamani visipokubaliana, na ni nadra vikubaliane, ni lazima kuamua nani asogee na asogee kwa kiasi gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya uamuzi huo kwa hesabu, kwa mpimaji anayejua kazi ya uwandani na aliyekutana na matriki angalau darasani.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Adrien-Marie Legendre aliichapisha njia ya miraba midogo kabisa mwaka 1805. Carl Friedrich Gauss akaitoa kwa misingi ya nadharia ya uwezekano mwaka 1809, na katika miaka ya 1820 akaitumia yeye mwenyewe kusawazisha pembetatu za upimaji wa Hannover. Wazo lake ni jepesi kulitaja: vipimo vikizidi idadi ya visivyojulikana, kila kipimo hupewa sahihisho dogo, linaloitwa masalio, na miongoni mwa njia zote za kugawa masahihisho hayo huchaguliwa ile ambayo jumla ya miraba ya masalio, kila mmoja ukizidishwa kwa uzito wake, ni ndogo kuliko nyingine zote. Uzito ni kinyume cha variansi, na variansi ni mraba wa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho kipimo kwa kawaida hupotoka kutoka thamani ya kweli. Kwa lugha ya matriki, ikiwa A ni matriki inayohusisha vipimo na visivyojulikana, P ni matriki ya uzito na l ni vipimo, jibu ni x = (AᵀPA)⁻¹AᵀPl. Kompyuta hulitafuta jibu hilo kwa nukta ya sekunde. Kazi ya mpimaji ni kuhakikisha kwamba A, P na l zinasema kweli.

Kabla ya hesabu yoyote: mfumo rejea na tarehe yake

Hatua ya kwanza haihusu takwimu hata kidogo, lakini ikikosewa takwimu zote zinazofuata hazina maana. Andika, kwa kila alama ya zamani, viwianishi vyake viko katika mfumo upi na ni vya tarehe gani.

Katika Kenya, Tanzania na Uganda alama nyingi za zamani ziko katika mfumo wa Arc 1960, unaotumia duaradufu (umbo la dunia lililokadiriwa) ya Clarke ya mwaka 1880 na ambao mizizi yake ni mnyororo wa pembetatu uliopimwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mnyororo huo ulipendekezwa na mwanaastronomia David Gill alipokuwa akifanya kazi kwenye Rasi ya Tumaini Jema, ukapimwa kipande kwa kipande, na pengo lake la mwisho, lililokuwa Sudan, likazibwa mwaka 1954. Vipokezi vya setilaiti havijui lolote kuhusu Arc 1960. Vinatoa nafasi katika mfumo wa dunia nzima. Thamani za wastani zinazotumika kwa Kenya na Tanzania kuhama kutoka Arc 1960 hadi WGS 84, mfumo wa dunia nzima unaotumiwa na GPS, ni mita -160, -6 na -302 kwa mihimili ya X, Y na Z, na zenyewe zilitolewa zikiwa na mashaka ya mita 20 kwa kila mhimili. Zinafaa kwa ramani ya utalii. Kwa upimaji wa alama za msingi hazifai kabisa, na njia pekee ya heshima ni kupima upya baadhi ya alama za Arc 1960 kwa setilaiti na kutafuta vigezo vya eneo lako mwenyewe.

Tarehe nayo ina uzito wake. Eneo letu la Afrika linasogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 2.5 hadi 3 kila mwaka likilinganishwa na mfumo wa dunia, kwa hiyo viwianishi vya miaka kumi iliyopita na vya leo vinatofautiana kwa karibu robo mita ingawa bikoni haijaguswa. Ukichanganya alama mbili za tarehe mbili katika usawazishaji mmoja, mwendo huo utajitokeza kama kosa la vipimo vyako, nawe utahangaika kutafuta mkosaji asiyekuwapo. Sogeza viwianishi vyote kwenye tarehe moja kwanza. Na kama mtandao unavuka Bonde la Ufa, kumbuka kwamba pande zake mbili zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Kwa kazi ya viwanja jambo hili unaweza kulipuuza, kwa mtandao wa taifa huwezi.

Kusanifu mtandao kabla ya kusafiri

Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba ubora wa mtandao unaweza kuhesabiwa kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa. Matriki (AᵀPA)⁻¹, ambayo ndiyo kovariansi ya viwianishi vitakavyopatikana, yaani mashaka ya kila kimoja na jinsi makosa yao yanavyohusiana, haina l ndani yake. Inahitaji tu kujua alama zitakuwa wapi kwa makadirio, nani atapimwa na nani, na kila kipimo kinatarajiwa kuwa na mkengeuko gani. Chora mtandao kwenye ramani, endesha hesabu, angalia ni alama ipi ina mashaka makubwa, ongeza mstari mmoja (yaani tofauti ya nafasi inayopimwa kati ya vituo viwili) au uondoe mwingine, rudia. Saa mbili mezani zinaokoa siku mbili za mafuta ya gari.

Tuchukue mfano: alama 3 za zamani, alama 12 mpya, na vipokezi 4. Vipokezi 4 vikiwa kazini kwa wakati mmoja vinaunganisha vituo kwa mistari 6, lakini mistari iliyo huru ni 3 tu. Mingine 3 inapatikana kwa kujumlisha na kutoa ile ya kwanza, na haileti habari mpya. Programu nyingi zitakupa yote 6 bila kusita. Ukiiingiza yote kana kwamba kila mmoja umepimwa peke yake, umejipatia vipimo vya ziada vya bandia, na ripoti itajigamba kwa usahihi ambao haupo. Ama chagua mistari huru, ama tumia programu inayochakata kipindi kizima kwa pamoja na kutoa kovariansi kati ya mistari. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika ripoti za wapimaji, wakiwamo wazoefu.

Kwa hiyo vipindi 10 vinatupa mistari huru 30, na kila mstari una vipengele vitatu, jumla vipimo 90. Tukiishikilia alama moja tu, zinabaki alama 14 zisizojulikana zenye viwianishi 42. Ziada ni 90 kutoa 42, yaani 48. Kwa wastani kila kipimo kina namba ya ziada ya 0.53, ambayo maana yake ni kwamba kidogo zaidi ya nusu ya kosa lolote lililomo ndani ya kipimo litaonekana kwenye masalio yake, na nusu iliyobaki itameng'enyuka ndani ya viwianishi bila mtu kujua.

Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Kosa dogo kabisa ambalo jaribio la takwimu la kila kipimo, litakaloelezwa hapa chini, linaweza kulikamata, tukikubali uwezekano wa 0.001 wa kumshtaki asiye na hatia na nguvu ya asilimia 80 ya kumpata mwenye hatia, ni mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa 4.13 na kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha namba ya ziada. Mstari wenye mkengeuko wa milimita 5 na namba ya ziada 0.64 utafichua kosa la milimita 26. Mstari wenye ubora uleule lakini namba ya ziada 0.04, kama ule unaokwenda kwenye kilima cha mbali na ambao karibu hauna mwingine wa kuukagua, utaficha kosa la hadi milimita 103. Kwa hiyo wakati wa kusanifu usitazame mashaka ya alama pekee. Tazama pia namba za ziada, na alama yoyote inayoning'inia kwa mstari mmoja iongezewe wa pili, wa siku nyingine, tripodi ikiwa imewekwa upya.

Kuweka uzito

Mkengeuko unaotolewa na programu ya kuchakata mistari ya setilaiti karibu kila mara ni mdogo kupita kiasi. Sababu inajulikana: programu huchukulia kwamba kila sekunde ya mawimbi inaleta habari huru, ilhali hali ya hewa ya juu na mwakisiko wa mawimbi kutoka kwenye mabati na kuta hubadilika polepole, na sekunde hii inafanana sana na iliyotangulia. Si ajabu mikengeuko hiyo kuhitaji kuzidishwa kwa 3, kwa 5 au hata zaidi. Isitoshe, programu haijui lolote kuhusu mikono ya watu: kuisimamisha tripodi juu ya alama kuna kosa la milimita 1 au 2, na kimo cha antena kina lake. Ongeza variansi hizo kwenye kila mstari kabla ya kusawazisha. Bila hivyo mistari mifupi itapewa uzito usiostahili.

Ukichanganya vipimo vya aina mbili, kwa mfano mistari ya setilaiti pamoja na pembe na umbali, usikisie uwiano wa uzito wao. Sawazisha kwa makadirio ya mwanzo, kisha kwa kila kundi chukua jumla ya miraba ya masalio yenye uzito na uigawe kwa jumla ya namba za ziada za kundi hilo. Matokeo yakiwa 1, kundi limepewa uzito sahihi. Yakiwa 4, mikengeuko yake izidishwe kwa 2. Rudia hadi makundi yote yakaribie 1. Njia hii inahitaji kila kundi liwe na ziada ya kutosha; kundi lenye ziada ya 3 au 4 litakupa namba inayoyumba ambayo haifai kufuatwa.

Usawazishaji wa kwanza: mtandao peke yake

Sasa data ziko mezani, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Usiziingize alama zote tatu za zamani kama zisizosogea. Shikilia moja tu, au tumia masharti ya ndani yanayouweka mtandao mzima kwenye wastani wa makadirio yake, ili mtandao uwe na mahali pa kukaa bila kubanwa. Kiasi cha kushikilia kinategemea aina ya vipimo: tofauti za mwinuko zinahitaji mwinuko mmoja tu, mistari ya setilaiti inahitaji alama moja yenye viwianishi vyake vitatu, mtandao wa bapa wenye umbali unahitaji alama moja na mwelekeo mmoja, na ule wa pembe tupu unahitaji pia kipimo cha ukubwa. Ukishikilia zaidi ya hapo, makosa ya alama za zamani huingia kwenye masalio ya vipimo vipya, na kuanzia hapo hutaweza kutenganisha kosa la mpimaji wa leo na la mpimaji wa mwaka 1958.

Katika hatua hii kuna majaribio mawili. La kwanza ni la jumla: gawa jumla ya miraba ya masalio yenye uzito kwa ziada. Kwa ziada yetu ya 48, katika kiwango cha asilimia 95, namba hiyo inatakiwa iwe kati ya 0.64 na 1.44. Ikizidi, ama kuna kosa kubwa mahali fulani, ama uzito uliotoa ni wa matumaini mno. Ikipungua, umejidharau, na hilo halidhuru sana.

La pili ni la kila kipimo, na linatokana na kazi ya Mholanzi Willem Baarda, aliyelichapisha mwaka 1968. Masalio ya kila kipimo hugawanywa kwa mkengeuko sanifu wa masalio yenyewe, wala si wa kipimo, na kinachozidi 3.29 kinatiliwa shaka. Ondoa kimoja tu, kile kilichozidi kuliko vyote, kisha sawazisha upya. Kosa moja la nusu mita husambaa kwa majirani na kuwafanya watano au sita waonekane wabaya. Ukiwaondoa wote kwa pamoja, umewafunga majirani kwa sababu ya mwizi mmoja. Na kabla ya kuondoa, fungua daftari la uwandani. Niliwahi kutumia siku nzima nikilalamikia mistari mitatu iliyokutana kwenye alama moja, mwinuko wao ukipishana na mtandao kwa kiasi kilekile, kabla ya kugundua kwamba kimo cha antena kilisomwa kwa mshazari na kuingizwa kama cha wima. Kilichohitajika kilikuwa kusahihisha tarakimu moja. Kama ningeiondoa mistari hiyo, alama ile ingebaki na mstari mmoja tu, nao nisingekuwa na namna ya kuukagua.

Zipo pia njia zinazopunguza uzito wa vipimo vilivyopotoka hatua kwa hatua badala ya kuviondoa. Zinasaidia data zikiwa nyingi na makosa yakiwa kadhaa, lakini katika mtandao wa vipimo 90 napendelea kumjua kila mkosaji kwa jina.

Kuunganisha na alama za zamani

Tufike kwenye kiini. Kwa urahisi nitatumia mwinuko tu, kwa sababu hesabu yake inafanyika kwa kalamu, na kila kinachoonekana hapa kinatokea vilevile katika viwianishi vitatu.

Tuseme alama A ina mwinuko rasmi wa mita 50.000 na alama B mita 62.030. Kati yao tumeweka alama mpya, P. Kutoka A hadi P tumepima mpando wa mita 5.004 kwa umbali wa kilomita 2. Kutoka P hadi B mita 7.008 kwa kilomita 3. Upimaji wetu una mkengeuko wa milimita 2 kwa kipeuo cha pili cha kilomita, kwa hiyo variansi ni 8 na 12, katika milimita za mraba. Jumla ya vipimo ni mita 12.012, lakini orodha inasema 12.030. Pengo ni milimita 18.

Njia ya kwanza, ambayo wengi wamefundishwa, ni kushikilia A na B. Pengo lote hugawiwa vipimo kwa uwiano wa variansi zao: milimita 7.2 kwa cha kwanza na 10.8 kwa cha pili. P inapata mita 55.0112, na ripoti inaandika mkengeuko wa milimita 2.2. Tazama kilichotokea. Vipimo ambavyo kwa pamoja vina mkengeuko wa milimita 4.5 vimelazimishwa kubeba milimita 18, mara nne ya uwezo wao. Jaribio la Baarda litapiga kelele, na mpimaji asiye makini atarudi uwandani kupima upya kitu kisicho na kasoro.

Njia ya pili ni kuzichukulia A na B kama vipimo navyo, vyenye uzito wao. Tuseme kumbukumbu za upimaji wa zamani zinaonyesha mkengeuko wa milimita 8 kwa kila moja, yaani variansi ya 64. Sasa pengo la milimita 18 linapimwa dhidi ya variansi ya 64 + 8 + 12 + 64, jumla 148, ambayo mkengeuko wake ni milimita 12.2. Pengo ni mara 1.5 tu ya hapo. Hakuna la ajabu. Likigawiwa kwa uwiano uleule, A inapanda milimita 7.8, B inashuka milimita 7.8, na vipimo vipya vinaguswa kwa milimita 1.0 na 1.5. P inapata 55.0128, yenye mkengeuko wa milimita 6.1.

Mwinuko wa P katika njia hizi mbili unatofautiana kwa milimita 1.6 tu, na mtu anaweza kuuliza kelele zote ni za nini. Ukihesabu kwa uaminifu mkengeuko wa jibu la njia ya kwanza, ukiingiza mashaka ya A na B, unapata milimita 6.2, karibu sawa na ya pili. Kwa hiyo mwinuko uliopatikana kwa kushikilia A na B si mbaya. Kibaya ni ile milimita 2.2 iliyoandikwa kwenye ripoti, kwa sababu mpimaji wa kesho ataiamini, ataijengea mtandao wa ngazi inayofuata, naye ataandika namba ndogo zaidi. Baada ya ngazi tatu za upanuzi wa namna hiyo unakuwa na mtandao ambao kila ripoti inausifu na hakuna anayeweza kufunga mzingo ndani yake. Kibaya cha pili ni tofauti kati ya A na P: tuliipima kuwa 5.004, njia ya kwanza imeiandika 5.0112, na mhandisi anayejenga mfereji kati ya alama hizo mbili atakutana na milimita saba zisizotoka kwenye ardhi.

Pingamizi la wanaoshikilia alama za zamani lina nguvu yake, nalo ni la kisheria zaidi kuliko la kihesabu. Viwianishi vya A viko kwenye ramani zilizosajiliwa na kwenye hati za watu, na mpimaji wa mradi mmoja hana mamlaka ya kuvisogeza kwa milimita 7.8 kila anapopita. Katika hali hiyo kuna njia ya kati: chapisha viwianishi vilivyopatikana kwa kuzishikilia alama za zamani, lakini kovariansi zihesabiwe mashaka ya alama hizo yakiwemo, na matokeo ya usawazishaji wenye uzito yapelekwe kwenye mamlaka ya upimaji ili wenye idhini waamue lini orodha irekebishwe. Mimi huhesabu njia zote mbili kila mara. Tofauti kati yake ndiyo inayonionyesha alama za zamani zina hali gani.

Kama hakuna kumbukumbu ya mashaka ya alama za zamani, usiandike sifuri. Kadiria kutokana na daraja la mtandao wake na mbinu ya enzi yake, kisha jaribu makadirio mawili au matatu uone jibu linabadilika kwa kiasi gani.

Je, pengo linaweza kuonyesha kwamba B imetikiswa? Kwa alama mbili haiwezekani kujua: zinapingana, na hakuna shahidi. Ongeza alama C. Tuseme kutoka C, yenye ubora uleule na kilomita 2 kutoka P, tunapata P kuwa 55.003. A ilitoa 55.004, B inatoa 55.022. Wawili wanakubaliana na mmoja amejitenga, na macho yameshamhukumu B. Hesabu haijafika huko: tofauti kati ya B na wastani wa wawili wale ni milimita 18.5, mkengeuko wa tofauti hiyo ni milimita 10.6, uwiano wake 1.75. Ni mbali na 3.29. B inabaki kwenye hesabu, pamoja na maelezo kwenye ripoti kwamba ikaguliwe. Hapa ndipo ninaposisitiza alama za zamani zisiwe chini ya tatu, na zikiwa nne au tano ni bora, zikiuzunguka mtandao mpya badala ya kujipanga upande mmoja.

Kuongeza vipimo baadaye

Mtandao hupanuliwa kwa awamu, na si lazima kuanza upya kila awamu. Ukihifadhi jibu la awali pamoja na matriki yake ya kovariansi, kipimo kipya kinaweza kuingizwa juu yake. Tulianza na A peke yake: P ni 55.004, variansi 72. B ikija na 55.022 yenye variansi 76, sehemu ya tofauti inayokubaliwa ni 72 kugawanya kwa 148, yaani 0.486, na P inasogea milimita 8.8 hadi 55.0128, ileile tuliyoipata kwa hesabu ya pamoja. Variansi sasa ni 37. C ikija na 55.003 yenye variansi 72, sehemu inayokubaliwa ni 37 kugawanya kwa 109, yaani 0.34, na P inarudi milimita 3.3 hadi takriban 55.009, mkengeuko wake ukiwa milimita 4.9. Ungesawazisha zote tatu kwa mara moja ungepata jibu hilohilo.

Usawa huo unadumu kwa sharti moja tu: kovariansi yote ihifadhiwe, pamoja na ile iliyo kati ya alama na alama. Alama mpya zilizopimwa kutoka A ile ile zinashiriki kosa la A. Ukihifadhi mikengeuko ya kila alama peke yake na kuutupa uhusiano kati yake, awamu ya pili itayahesabu makosa ya pamoja kana kwamba ni huru. Orodha nyingi za alama hazina uhusiano huo, jambo ambalo ni rahisi kulirekebisha leo kwa kuwa faili la kovariansi la alama mia mbili halijazi hata kona ya simu.

Mitandao mikubwa ina historia yake. F. R. Helmert mwaka 1880 alieleza namna ya kuugawa mtandao katika vitalu, kila kitalu kikatatuliwa kivyake hadi kubaki na alama za mpakani tu, kisha mipaka ikaunganishwa. Kwa njia hiyo Marekani ilisawazisha NAD 83, mfumo rejea wa Amerika Kaskazini, wenye zaidi ya vituo 250,000, hesabu ikikamilika mwaka 1986. Na mbinu ya kutatua milinganyo ambayo leo iko ndani ya karibu kila programu ya hesabu ilibuniwa na ofisa wa jeshi la Ufaransa, André-Louis Cholesky, kwa ajili ya mitandao ya upimaji. Alifariki vitani mwaka 1918, na mbinu yake ikachapishwa mwaka 1924. Leo programu huria ya DynAdjust, kutoka Australia, inafanya mgawanyo wa vitalu yenyewe na kurudisha kovariansi kamili za mtandao mzima. Mtandao wa wilaya hauhitaji vitalu. Kwa mtandao wa taifa unaopanuliwa kila mwaka, mgawanyo huo ndio unaofanya usawazishaji wa upya uwezekane.

Cha kukabidhi

Ripoti iwe na viwianishi, mfumo rejea na tarehe yake, alama zilizoshikiliwa au zilizopewa uzito na ni uzito gani, matokeo ya majaribio mawili ya usawazishaji wa kwanza, ule wa mtandao peke yake, orodha ya vipimo vilivyoondolewa pamoja na sababu ya kila kimoja, na faili la kovariansi. Ukichora duaradufu za makosa, zinazoonyesha eneo ambamo alama inatarajiwa kuwamo, andika ni za kiwango gani: ile ya kawaida ina uwezekano wa asilimia 39 tu wa kuifunika nafasi ya kweli, na ili kufikia asilimia 95 mihimili yake huzidishwa kwa 2.447. Mteja anayeoneshwa duaradufu ndogo bila maelezo hayo atadhani ameahidiwa kitu ambacho hukumwahidi. Na daftari la uwandani, pamoja na data ghafi za vipokezi, visifutwe baada ya malipo, kwa kuwa mpimaji wa awamu ijayo atakayekuta alama zako zikipingana na zake atahitaji kujua kimo cha antena kilisomwa wapi na kwa namna gani.